Mmea Huu Ni Nini? Mwongozo Kamili wa Kuutambua Mmea Uliojiotea Uani

Masika yaliyopita, kwenye karai kuukuu ninalopandia mchicha nyuma ya jikoni kwetu Mtopanga, Mombasa, ulichipuka mche ambao sikuupanda. Majani yake yalikuwa mapana, kijani kilichokolea, na kwa wiki mbili ulikuwa umeshaupita mchicha kwa kimo. Shangazi akaja kututembelea kutoka Likoni. Kabla jua halijapanda alikuwa keshainama na ungo wake, anachuma mboga ya mchana.

"Huu si mnavu huu?" akaniuliza, vidole vyake vimeshashika kikonyo. "Uchanganye na mchicha, mwanangu, utaona utamu wake."

Nikamwomba auache. Sikuwa na jina la kumpa. Nilichokuwa nacho ni shaka moja tu: siku iliyotangulia nilikuwa nimevunja jani lake nikalinusa, na harufu niliyoipata ilikuwa nzito, ya kuchafua roho, isiyofanana na harufu ya mboga yoyote niijuayo.

Ulikuwa mnanaha. Sumu yake imo katika kila sehemu, tangu mzizi hadi mbegu. Hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, hufanya moyo uende mbio, na mtu huweweseka asijue yuko wapi. Ilinichukua wiki sita kuwa na hakika, na wiki hizo ndizo zilizonifunza utaratibu ninaouandika hapa. Msingi wake ni kuliacha jina liwe la mwisho. Mtu akishatamka "mnavu", macho yake huanza kutafuta dalili za mnavu na kuruka kila kisichofanana nao. Anza na unachokiona, kiandike, na jina litakapokuja liwe na mashahidi.

Utahitaji daftari, kalamu, rula, simu yenye kamera, glavu za mpira kama zile za kuoshea vyombo, kisu kikali na magazeti ya zamani. Zaidi ya hapo ni subira.

Kabla ya kuugusa

Usiuonje, hata kwa ncha ya ulimi. Najua wazee wetu wengi hutafuna jani kidogo ili wajue kama ni chungu, lakini uchungu hautoi habari ya kutegemewa. Mchunga ni mchungu kweli, na ndio mboga inayopendwa tangu Kilifi mpaka Kwale. Tipitipi nazo, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, hupendeza kama shanga za kuvaa, na mtoto akizitafuna zinaweza kumuua. Wala usiridhike kwa kuwa mbuzi wa jirani aliula asidhurike. Tumbo la mbuzi si la binadamu.

Vaa glavu kabla ya kuvunja chochote. Mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani ambao wengi huuotesha kuwa ua la boma, hutoa maziwa yanayoweza kupofusha jicho kwa muda. Yakikurukia, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali. Ukiona mtambaazi wenye maganda ya kahawia yaliyojaa nywele laini zinazong'aa, simama upande upepo unakotoka na usiyaguse kabisa: huenda ni upupu, na nywele zake zikipeperuka nyumba nzima itajikuna.

Kisha uulinde mmea wenyewe. Chomeka kijiti pembeni yake ukifunge kitambaa chekundu, uwaambie wa nyumbani na kijana anayekuja kufyeka kwamba hapo panga lisipite. Mimea mingi haitambuliki kwa sababu hukatwa wiki moja kabla ya kutoa ua.

Umefikaje hapo?

Swali hili watu hulipuuza, na mara nyingi ndilo linalopunguza orodha kwa nusu. Mche ulioota chini ya waya wa umeme au ukingoni mwa ukuta mara nyingi umeletwa na kinyesi cha ndege. Kunguru wetu hula matunda ya mkilifi na kuzitapanya mbegu mji mzima, ndiyo maana mikilifi huota hata kwenye mifereji ya paa. Popo hubeba kungu na kuzidondosha mbali na mti wake. Mche wenye majani mazito yanayong'aa, uliopenya kwenye ufa wa ukuta wa matumbawe kama zile kuta za Mji wa Kale, fikiria kwanza jamii ya mtini: ndege hudondosha mbegu, mzizi huingia ufani, na miaka michache baadaye ukuta hupasuka.

Samadi huja na mchicha, mnavu, mtunguja na, kama nilivyojionea, mnanaha. Udongo wa kujazia ulioletwa kwa lori huja na ndago. Penye bomba linalovuja tarajia yale yanayopenda unyevu, majimbi yakiwemo.

Andika tarehe uliyouona, msimu (masika, vuli au kiangazi), kama mahali pana jua au kivuli, kama ni mchanga mtupu, udongo mweusi au kifusi cha matumbawe, na kama unamwagiwa maji ya bomba au ya kisima cha chumvi. Mmea unaostawi kwa maji ya chumvi umeshakwambia mengi juu ya asili yake.

Umbo kwa ujumla

Hapa usikae sana. Je, ni mti mchanga wenye shina gumu la kuni, kichaka, mmea laini wa msimu, mtambaazi, au jamii ya nyasi? Mtambaazi unapanda kwa kujizungusha, kwa vikono vya kujishikia, au unatambaa tu chini?

Kwenye nyasi pana kosa moja la kila siku, nalo linagharimu watu jasho. Ndago hufanana na nyasi, lakini si nyasi. Chukua kile kijiti kinachobeba ua, kizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Cha nyasi ni mviringo, kina vifundo, na mara nyingi ni kitupu ndani. Cha ndago utahisi pembe tatu zikipita moja baada ya nyingine, na hakina kifundo. Tofauti hiyo ina faida ya papo kwa papo: ndago ina viazi vidogo vilivyoungana kama uzi wa tasbihi chini ya ardhi, na kila ukiikatakata kwa jembe umezitenganisha shanga, na kila moja inaweza kuchipua upya.

Jani: kaa hapa

Kwanza angalia mpangilio. Kwenye shina, majani yametoka mawili mawili yakitazamana, moja moja kwa zamu, au matatu na zaidi kutoka kifundo kimoja? Liandike hilo kabla ya kuliangalia jani lenyewe.

Pili, hakikisha unachokiita jani ni jani kweli. Nenda kwenye mkilifi ulio karibu nawe, na Mombasa hauko mbali. Kile kijani kidogo chenye meno kama msumeno, kilichopinda kama mundu, wengi hukiita jani. Sasa tazama kwapani mwake, pale kinapoungana na kijiti. Hakuna kichomozo. Fuata kijiti chote mpaka kinapokutana na tawi: hapo ndipo utakapokuta kichomozo kidogo, chipukizi la kesho. Kwa hiyo jani la mkilifi ni kile kijiti kizima pamoja na vijani vyake vyote, urefu wa sentimita 20 hadi 40. Kanuni hii ya kwapa inafaa kwa mti wowote: penye chipukizi ndipo jani linapoanzia.

Kanuni hiyo hutenganisha mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, na ndugu yake mmelia, ambao watu huchuma majani yake wakidhani ni mwarobaini uleule. Jani la mkilifi limegawanyika mara moja: kijiti kimoja, vijani kulia na kushoto. La mmelia limegawanyika mara mbili au zaidi: kijiti kikuu kina vijiti vya pembeni, na vijani viko juu ya hivyo vya pembeni. Ua la mkilifi ni jeupe na lina harufu nzuri. La mmelia lina zambarau. Matunda ya mmelia hubaki yakining'inia mtini hata majani yakipukutika, nayo yana sumu. Mtu anayechemsha majani ya "mwarobaini" bila kujua ni upi kati ya hiyo miwili, nasikitika kwa ajili yake.

Mronge, au mzunze, nao huchanganya. Jani lake limegawanyika mara mbili hadi tatu, lakini vijani vyake ni vya mviringo, laini, visivyo na meno.

Majani ya kiganja

Kuna majani matatu ya uani yenye umbo la kiganja kilichonyooshwa: mpapai, mhogo na mbono. Yakiwa machanga mtu huweza kukosea, na kosa la kuchuma mbono kwa kisamvu ni la hatari. Yaweke matatu kando kwa kando, hata mara moja tu maishani, nawe hutasahau.

Vunja kikonyo cha kila moja. Cha mpapai ni kitupu ndani kama mrija, na hutoa maziwa meupe. Cha mhogo hutoa maziwa meupe pia, lakini kimejaa. Cha mbono hutoa maji yasiyo na weupe. Pindua jani utazame kikonyo kimeungana wapi: cha mbono kimeingia ndani ya jani, mbali na ukingo, kama mpini wa mwavuli. Pitisha kidole ukingoni: vidole vya jani la mhogo ni laini pembeni, vya mbono vina meno. Vidole vya mpapai vyenyewe vimekatika tena kwa kina. Kwenye kikonyo cha mbono, karibu na jani, utaona pia vijipele vidogo vinavyong'aa. Mbono ukishazaa hakuna tena swali: tunda lina miiba laini na vyumba vitatu, na mbegu zina madoadoa kama kupe aliyeshiba. Warumi waliona vivyo hivyo, maana jina la kisayansi la mbono, Ricinus, kwa Kilatini ni kupe.

Tahadhari moja juu ya majani yote: mche mchanga huweza kuvaa majani tofauti na ya utu uzima. Mche wa mbuyu huanza na majani mazima, yasiyogawanyika. Nilimwona mzee mmoja akikataa katakata kwamba mche ule ni mbuyu, kwa kuwa alikuwa ameizoea ile mibuyu mikubwa ya ufukweni Mama Ngina yenye jani la vidole vitano hadi saba. Baada ya msimu mmoja majani yaligawanyika mbele ya macho yake.

Shina, maziwa na harufu

Pima shina kwa vidole. Shina la pembe nne, lenye majani mawili mawili yanayotazamana na harufu nzuri ukiyasugua, mara nyingi ni jamii ya mrehani: mrehani wenyewe, kivumbasi, mnanaa. Hata hivyo usikimbilie. Lantana pia ina shina lenye pembe, majani yanayotazamana na harufu kali, lakini shina lake lina vijimiiba na jani lake linakwaruza kama msasa. Vitunda vyake vibichi vina sumu. Dalili moja haitoshi kamwe. Mimi sitamki jina kabla ya kuwa na dalili nne zinazokubaliana.

Tazama pia kwapa la jani kwenye mchicha wowote uliojiotea. Ukikuta miiba miwili, huo ni mchicha wa miiba, na angalau vidole vyako vitakuwa vimejulishwa mapema.

Vunja jani dogo kwa glavu uone: maziwa meupe, maji ya rangi, utelezi kama wa mrenda, au hakuna kitu. Kisha sugua kipande, kisogeze mbali kidogo na pua, uvute pumzi fupi. Harufu iandike kwa neno la nyumbani kwako: kama karanga mbichi, kama limau, kama samaki, kama dawa ya mbu. Mwingajini, kwa mfano, ukiusugua hunuka vibaya kiasi kwamba hutauchanganya tena na kunde, ingawa maganda yao hufanana ukiyatazama kwa mbali. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Subiri ua

Jani hukuleta kwenye mtaa. Ua hukufikisha mlangoni. Likitoka, hesabu petali, uone kama zimeachana au zimeungana kuwa faneli. Angalia ua limekaa wapi: kileleni, kwapani, au kwenye panda ya matawi. Limekaa peke yake au kwa vishada? Hufunguka saa ngapi?

Familia nne ukizijua umeshika sehemu kubwa ya uani. Ua la jamii ya kunde lina petali moja kubwa iliyosimama kama tanga, na tunda ni ganda. Ua la jamii ya bamia, pamoja na pamba na haibiskasi, lina petali tano na mrija katikati uliobeba chavua. Ua la jamii ya boga hutokea dume na jike mbalimbali, na la jike lina kiboga kidogo chini yake tangu mwanzo. Jamii ya mbilingani, ambamo mna nyanya, pilipili, mnavu, mtunguja na mnanaha, ina petali tano zilizoungana chini. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayokusihi uijue vizuri zaidi, kwa kuwa humo mboga na sumu ni ndugu wa tumbo moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye karai langu. Wiki ya nne shina liligawanyika panda mbili, na kwenye panda kikatokea kitumba kimoja, kirefu, kimekunjwa kama mwavuli. Mnavu hautoi hivyo: maua yake ni madogo, meupe, yenye kitovu cha njano, yananing'inia kwa kishada kidogo kando ya shina. Nikapima kitumba changu kwa rula kila jioni. Siku ya kilele kilikuwa sentimita 16, na wakati wa magharibi, adhana ikiendelea, kilifunguka kikawa tarumbeta jeupe lililotazama juu. Mnavu uliondoka kwenye daftari usiku uleule.

Tunda lilikuja baadaye: duara, limejaa vijimwiba butu, limeinama kwenye kikonyo kilichopinda. Hilo ndilo lililoamua kati ya minanaha miwili inayofanana. Ule mwingine una ua dogo zaidi, aghalabu chini ya sentimita 10, na tunda lake husimama wima, lina miiba mirefu, na hupasuka sawasawa vipande vinne. Wangu uliinama, na ulipokauka ulipasuka ovyo. Datura metel.

Picha za kupiga

Piga asubuhi kabla ya saa tatu. Jua letu la mchana huunguza rangi. Kama huna budi, mshikishe mtu leso juu ya mmea ikupe kivuli. Piga mmea mzima, kisha pale jani linapoungana na shina, jani juu, jani chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda zima na tunda lililokatwa. Weka rula au sarafu ya shilingi kumi pembeni ili ukubwa ujulikane. Nyuma ya jani au ua weka karatasi nyeupe, vinywele vitaonekana. Picha moja ya jani peke yake, kutoka juu, haimsaidii mtu, na ndiyo ambayo kila mmoja hutuma.

Simu inasemaje

Programu za kutambua mimea zimekuwa nzuri kiasi cha kunishangaza. Pl@ntNet, iliyoanzishwa na watafiti wa Ufaransa, hukuruhusu kuchagua eneo la dunia na kutaja kama picha ni ya jani, ua, tunda au gome. Fanya vyote viwili, majibu yatakuwa karibu zaidi na ukweli. iNaturalist ina watu halisi wanaoangalia picha zako, na rekodi hupanda daraja pale watu wawili au zaidi wanapokubaliana. Humo ficha mahali hasa palipo nyumba yako, programu inaruhusu. Google Lens ni ya haraka, na haraka yake ndiyo kasoro yake: hulinganisha picha na picha, bila kujua kama mmea huo huota pwani yetu.

Lichukue jibu la simu kama tetesi inayofaa kufuatiliwa. Chukua jina la kwanza, la pili na la tatu, uyaweke kwenye daftari, kisha uzipitie dalili zako moja moja dhidi ya kila jina. Mche wangu ulipokuwa bila ua, simu ilinipa mbilingani, mnavu na mnanaha, kwa mpangilio huo. Aliyeishia kwenye jibu la kwanza angeupika.

Kuuliza watu

Hapa Mombasa tuna hazina ambayo simu haina. Wakina mama wanaouza mboga za kienyeji Kongowea wanaujua mchunga, mnavu na mwangani hata gizani. Wauza dawa na viungo Marikiti wanajua gome na mizizi. Wenye vitalu vya miche kando ya barabara, Nyali na Bamburi, wanajua mimea ya mapambo iliyotoroka bustanini. Peleka picha na kitawi kilichofungwa kwenye gazeti, usalimie vizuri, kisha uulize hivi: "Mama, huu kwenu mnauitaje, na mnautumiaje?" Usimtajie jina unalolidhania. Ukimwambia "huu si mnavu?" atakuitikia kwa heshima tu.

Uliza watu watatu wasiosikilizana. Majina yatatofautiana, na kutofautiana si lazima kuwe ni kosa: Waswahili wasema mchunga, Wagiriama na Wadigo wasema mtsunga, na mmea ni mmoja. Tatizo ni kinyume chake, jina moja kubebeshwa mimea miwili, kama nilivyoeleza juu ya mwarobaini. Jirani yetu Mgujarati, nilipomwonyesha lile ua, alilitambua kabla sijamaliza sentensi. Akaniambia kwao ni dhatura, na kwamba hupelekwa hekaluni kwa Shiva, lakini watoto hawaruhusiwi kuligusa. Jina la kisayansi, Datura, limetokana na neno hilohilo la Kihindi.

Ndiyo sababu ya kutaka jina la Kilatini mwishoni. Utaratibu huo wa maneno mawili, jenasi kisha spishi, ulisimikwa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, na Datura metel ni mojawapo ya majina aliyoyaandika mwaka huo. Ukiwa nalo, daktari wa Mombasa, Mumbai au Lisbon atajua unasema nini.

Kukausha kielelezo

Kama bado una shaka, au mmea ni wa ajabu kwako na kwa wote uliowauliza, kausha kielelezo. Kata tawi lenye majani, ua na, ikiwezekana, tunda, lisilozidi urefu wa gazeti lililokunjwa. Litandaze kati ya karatasi, jani moja ligeuzwe mgongo juu. Weka maboksi ya katoni juu na chini, kisha uzito: matofali, mtungi wa maji, chochote.

Kwenye joto na unyevu wetu, badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo. Usipofanya hivyo utafungua ukungu mweusi badala ya mmea. Vielelezo vyangu viwili vya kwanza viliishia hivyo, mwezi wa Mei, mvua ikinyesha. Andika lebo siku hiyohiyo: tarehe, mahali, kimo, rangi ya ua, harufu, maziwa. Rangi na harufu hupotea mmea ukikauka, na lebo peke yake ndiyo itakayozikumbuka.

Kielelezo kilichokauka vizuri kinaweza kupelekwa kwa wataalamu wa mimea wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao Nairobi wanatunza Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani ghala la vielelezo vya mimea iliyokaushwa. Wasiliana nao kwanza, tuma picha, usikie wanataka nini.

Ukishajua

Kama ni mti mkubwa ulio karibu na msingi wa nyumba au tangi la maji taka, uhamishe ukiwa bado mdogo, wakati wa mvua, pamoja na udongo wake. Kama ni mboga, onja tu baada ya dalili nne kukubaliana na watu wanaoila kuithibitisha, na upike kama wao wanavyopika. Kama ni mmea wa sumu na nyumbani mna watoto, uondoe kabla mbegu hazijakomaa: glavu, mzizi mzima, matunda ndani ya gunia, kisha shimo refu. Usiuchome moto, kwa kuwa moshi wa baadhi ya mimea hii nao unadhuru.

Na mtu akishakula kitu msichokijua, msimlazimishe kutapika. Toeni kilichobaki mdomoni, msuuzeni, mpelekeni hospitali upesi, na mbebe kipande cha mmea pamoja na tunda au ua lake.

Mnanaha wangu niliung'oa siku tunda la kwanza lilipoanza kupasuka, nikabakisha tawi moja la kukausha. Shangazi alipokuja tena nilimfunulia gazeti. Alilitazama lile tunda kwa muda, akalipiga picha kwa simu yake bila kusema neno. Jioni alinipigia kutoka Likoni: amezunguka nyuma ya zizi la kuku na taa mkononi, na amekuta mashina mawili.